Kupima muda wa ishara kwa kaunta za maunzi katika vifaa vya kukusanya data

Anayetaka kujua ishara imechukua muda gani kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, yaani kutoka mruko mmoja wa volti zake hadi mwingine, anaweza kufanya mojawapo ya mambo matatu. Anaweza kuisoma pini kwa programu ndani ya kitanzi na kuandika saa ya kompyuta kila pini inapobadilika hali. Anaweza kuchukua sampuli za volti kwa kasi kisha akazitafuta kingo ndani ya data. Au anaweza kuiachia kazi hiyo kaunta, yaani sakiti ya kuhesabu iliyomo ndani ya kifaa chenyewe cha kukusanya data. Jambo la kwanza huharibiwa na mfumo endeshi, kwa sababu Windows na Linux za kawaida huweza kuisimamisha programu kwa milisekunde kadhaa bila taarifa. La pili lina ukomo wa kasi ya sampuli: kifaa kinachochukua sampuli 250,000 kwa sekunde hakioni chochote kati ya sampuli mbili zilizoachana kwa maikrosekunde 4. Kaunta inayoendeshwa na saa ya megahezi 100 huhesabu kila baada ya nanosekunde 10, yaani hatua ndogo mara 400, na haiathiriki kwa lolote ambalo kompyuta inalifanya wakati huo.

Mwongozo huu unatumia vifaa vya kampuni ya NI (National Instruments) vya familia ya X Series, kama vile USB-6341 na PCIe-6321, ambavyo kila kimoja kina kaunta 4 za biti 32 na huendeshwa kwa draiva ya NI-DAQmx, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na kifaa. Mwenye kifaa cha kampuni nyingine atakuta majina tofauti, lakini hesabu ni zilezile. Nasisitiza jambo moja tangu mwanzo: kaunta hutoa tarakimu nyingi kuliko zile zinazostahili kuaminiwa. Kabla ya kufunga waya wowote, mpimaji anapaswa kujua ni midundo mingapi ya saa itakayoingia ndani ya kipimo chake, na ukingo wa ishara yake unayumba kwa kiasi gani.

Kaunta inavyopima

Kaunta ina viingilio viwili vikuu. Kwenye kiingilio cha chanzo huingia kile kinachohesabiwa, na kwenye lango huingia kile kinachoamua lini hesabu ianze na lini isomwe. Ukitaka kupima kipindi cha ishara, saa ya ndani ya kifaa huingia kwenye chanzo na ishara yako huingia kwenye lango. Kila ukingo wa kupanda unapofika, hesabu iliyofikiwa huhifadhiwa na hesabu mpya huanza. Kipindi ni idadi ya midundo iliyohifadhiwa ikigawanywa kwa masafa ya saa. Ishara ya 50 Hz, ambayo kipindi chake ni milisekunde 20, itatoa midundo 2,000,000 kwa saa ya megahezi 100.

Kwa kuwa ishara na saa hazikupangwa pamoja, hesabu inaweza kupungua au kuzidi kwa mdundo mmoja, na kosa hilo haliondoki kwa ufundi wowote wa kufunga waya. Kuhusu ukomo wa juu, biti 32 humaanisha hesabu isiyozidi 4,294,967,295, ambayo kwa megahezi 100 ni takriban sekunde 42.9. Kwa muda mrefu zaidi kuna saa ya megahezi 20, inayofika takriban sekunde 214, na ile ya kilohezi 100, inayokaribia saa 12 nzima.

Kuchagua njia ya kupima masafa

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo. NI-DAQmx ina njia tatu kuu za kupima masafa, na kila moja ni nzuri mahali pake na mbaya sana mahali pengine.

Njia ya kwanza hutumia kaunta moja na ndiyo hiyo ya kupima kipindi kisha kukigeuza kuwa masafa. Kosa lake la mdundo mmoja ni takriban mraba wa masafa ya ishara ukigawanywa kwa masafa ya saa. Kwa 50 Hz kosa hilo ni 0.000025 Hz, kiasi ambacho hakuna haja ya kukifikiria. Lakini ipe njia hiyohiyo ishara ya megahezi 5: ndani ya kipindi kimoja inaingia midundo 20 tu, na kuongezeka au kupungua kwa mmoja kunaipeleka jibu mahali popote kati ya megahezi 4.76 na 5.26. Asiyejua sababu atadhani ishara yake ndiyo inayoyumba.

Njia ya pili hutumia kaunta mbili na kubadilisha majukumu: kaunta moja hutengeneza dirisha la muda maalumu, nyingine huhesabu mizunguko ya ishara ndani ya dirisha hilo. Kosa ni moja gawanya kwa urefu wa dirisha, bila kujali masafa ya ishara. Dirisha la sekunde 1 lina kosa la 1 Hz, ambalo kwenye megahezi 5 ni dogo mno, lakini kwenye 50 Hz ni asilimia 2, na kipimo cha umeme wa gridi chenye kosa la asilimia 2 hakina faida kwa mtu yeyote.

Mpaka kati ya njia hizi mbili unaweza kukokotolewa. Kwa saa ya megahezi 100 na dirisha la sekunde 1, makosa yanalingana pale masafa ya ishara yanapokuwa kipeuo cha pili cha 100,000,000, yaani 10,000 Hz. Chini ya hapo pima kipindi. Juu ya hapo hesabu mizunguko. Ukifupisha dirisha, mpaka unapanda.

Njia ya tatu hugawanya ishara kwa namba kamili kwa kutumia kaunta ya pili, kisha hupima kipindi cha ishara iliyogawanywa. Mimi huitumia zaidi kuliko nyingine kila ninapokuwa na kaunta mbili, kwa sababu inafanya vizuri karibu kila mahali. Chukua tena megahezi 5, uigawanye kwa 50,000: unapata kipindi cha milisekunde 10 chenye midundo 1,000,000, na mdundo mmoja ni sawa na kosa la 5 Hz. Njia ya pili, ikipewa dirisha hilohilo la milisekunde 10, ingekuwa na kosa la 100 Hz. Muda uliotumika ni uleule, usahihi umezidi mara 20. Gharama yake ni kwamba huoni tena mizunguko mmojammoja, kwa hiyo haifai pale unapotafuta mtikisiko wa mzunguko mmoja.

Angalia pia kama kifaa chako kinaweza kazi hii kabisa. USB-6008 na USB-6009, ambazo vyuo vingi hununua kwa sababu ya bei, zina kaunta moja inayohesabu kingo za kushuka tu; haziwezi kupima kipindi wala upana wa pigo, na hakuna programu itakayobadilisha hilo.

Ukingo kabla ya tarakimu

Viingilio vya dijitali vya X Series huitambua ishara kuwa imepanda inapofika volti 2.2, na kuwa imeshuka inapofika volti 0.8. Ishara ya mantiki ya volti 5 au 3.3 huingia moja kwa moja, mradi waya wa ardhi wa chombo na wa kifaa vimeunganishwa na ni mfupi. Ishara yoyote nyingine lazima itayarishwe kwanza.

Tuchukue mfano wa masafa ya umeme wa gridi, ambayo Tanzania, Kenya na Uganda ni 50 Hz. Waya wa umeme usikaribie kabisa kifaa cha kupimia. Tumia adapta iliyofungwa kiwandani inayotoa volti 9 za mkondo geu, kisha ipitishe kwenye optokapla, kijenzi kinachopitisha ishara kwa mwanga bila kuunganisha nyaya za pande mbili, yenye sakiti ya Schmitt (sakiti yenye vizingiti viwili) ndani yake, kama H11L1. Weka rezista ya kiloomu 2.2 mbele ya taa ya optokapla, na diodi ya 1N4148 sambamba na taa hiyo kwa kuielekeza kinyume, ili nusu hasi ya wimbi isiichome. Upande wa pili, toleo la H11L1 linahitaji rezista ya kiloomu 1 kwenda kwenye volti 5 za kifaa, na kutoka hapo ishara inaingia PFI 9, mojawapo ya pini za dijitali za kifaa, ambayo ndiyo lango la kawaida la kaunta ya kwanza, ctr0. Namba za pini hutofautiana kati ya kifaa na kifaa, kwa hiyo soma jedwali la pini la kifaa chako.

Kwa nini taabu yote hii? Wimbi la volti 9 lina kilele cha takriban volti 12.7, na linapokatiza sifuri hupanda kwa kiasi cha volti 4 kwa kila milisekunde. Kelele ya milivolti 20 tu juu ya wimbi hilo inatosha kuusogeza ukingo kwa maikrosekunde 5, ambazo ni midundo 500 ya saa ya megahezi 100. Tarakimu mbili za mwisho za hesabu yako, na sehemu ya ile ya tatu, ni kelele tupu. Mbaya zaidi, wimbi linalopanda polepole likiwa na kelele huweza kukatiza kizingiti mara kadhaa, na kaunta itasoma vipindi viwili au vitatu mahali palipo na kimoja. Ndiyo maana sakiti ya Schmitt ni ya lazima: pengo kati ya kizingiti cha kupanda na cha kushuka likiwa kubwa kuliko kelele, ukingo wa uongo haupiti.

Liko jambo jingine ambalo watu wa huku kwetu hawana budi kulijua, kwa kuwa volti zetu hupanda na kushuka. Taa ya optokapla haiwaki kwenye sifuri, bali huwaka wimbi linapofika volti tatu hivi. Kwa hiyo volti za gridi zikipungua kwa asilimia 1, wimbi hufika hapo kwa kuchelewa, na ukingo husogea kwa takriban maikrosekunde 9 hata kama masafa hayakubadilika. Mtu anayetazama kipindi kimojakimoja ataona masafa yanatikisika kumbe kilichotikisika ni volti.

Dawa ya yote mawili ni kupima vipindi vingi vinavyofuatana bila kukatika. Ukijumlisha vipindi 500, kingo za katikati hufutana, na kinachobaki ni mtikisiko wa ukingo wa kwanza na wa mwisho tu. Maikrosekunde 5 ndani ya sekunde 10 ni sehemu moja katika milioni mbili. Ndani ya kipindi kimoja cha milisekunde 20, maikrosekunde hizohizo zingekuwa sehemu moja katika 4,000.

Kichujio cha dijitali kilichomo kwenye pini za PFI husaidia dhidi ya miiba mifupi. X Series ina viwango vya nanosekunde 90, maikrosekunde 5.12 na milisekunde 2.56, pamoja na kile unachokiweka mwenyewe. Pigo fupi kuliko kiwango kilichochaguliwa linaweza kuzuiwa. Usiweke milisekunde 2.56 kwa ishara ya kilohezi 1, kwa kuwa kila nusu ya mzunguko wake ni milisekunde 0.5 na utazuia ishara yenyewe.

Kuandika programu

Kwa Python, kipimo chote cha mfano wetu ni hiki:

import nidaqmx
from nidaqmx.constants import Edge, AcquisitionType

with nidaqmx.Task() as kazi:
    njia = kazi.ci_channels.add_ci_period_chan(
        "Dev1/ctr0", min_val=0.018, max_val=0.022, edge=Edge.RISING)
    njia.ci_period_term = "/Dev1/PFI9"
    kazi.timing.cfg_implicit_timing(
        sample_mode=AcquisitionType.FINITE, samps_per_chan=500)
    vipindi = kazi.read(number_of_samples_per_channel=500, timeout=15)

masafa = len(vipindi) / sum(vipindi)

Mambo matatu ndani yake yanahitaji maelezo. Thamani za min_val na max_val si mapambo, kwa sababu draiva huzitumia kuchagua saa: huchukua ile yenye kasi zaidi ambayo haitafurika kwenye kipindi kirefu ulichotaja. Anayeandika max_val ya sekunde 100 kwa kujihami atapewa saa ya megahezi 20 badala ya 100, na hakuna ujumbe utakaomwambia. Andika mipaka ya kweli ya ishara yako. La pili, muda wa kusubiri uliowekwa tayari na maktaba hii ni sekunde 10, na vipindi 500 vya milisekunde 20 vinahitaji sekunde 10 kamili. Bila kuandika 15, programu ingekatika karibu na mwisho. La tatu, wastani umekokotolewa kwa kugawanya idadi ya vipindi kwa jumla yake. Kugeuza kila kipindi kuwa masafa kisha kutafuta wastani wa masafa ni hesabu nyingine, na hutoa jibu lililoinama juu kidogo kila vipindi vinapotofautiana.

Ishara inaposimama

Kipimo cha kipindi hakiwezi kusoma sifuri. Kihisi cha mtiririko wa maji kama YF-S201 hutoa takriban mapigo 7.5 kwa sekunde kwa kila lita moja kwa dakika. Bomba likifungwa, ukingo unaofuata hauji kamwe na kaunta inasubiri. Programu lazima iamue muda wa kusubiri na maana yake. Ukisubiri sekunde 2 bila ukingo, unachokijua ni kwamba masafa yako chini ya 0.5 Hz, yaani mtiririko uko chini ya takriban lita 0.07 kwa dakika, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuandikwa kwenye faili. Kuacha namba ya mwisho iliyosomwa ibaki kwenye skrini ni kosa la hatari, hasa kwa pampu au jenereta, kwa sababu msimamizi ataona mashine inazunguka vizuri ilhali imekwisha kusimama.

Swichi za mguso zina tatizo la kinyume: mguso mmoja huruka mara nyingi ndani ya milisekunde chache. Hapo ndipo kichujio cha milisekunde 2.56 kinapofaa, na kama hakitoshi, weka kirefu zaidi au badilisha swichi kwa kihisi cha Hall, ambacho huhisi sumaku bila kuguswa.

Upana wa pigo na muda kati ya ishara mbili

Ukishaelewa kipindi, haya mengine ni mepesi. Kwa upana wa pigo, tumia add_ci_pulse_width_chan. Hesabu huanza kwenye ukingo mmoja na kusimama kwenye ukingo wa pili wa pigo lilelile. Kihisi cha umbali cha HC-SR04 ni mfano mzuri, kwa kuwa pini yake ya mwangwi hubaki juu kwa muda wote ambao sauti inakwenda na kurudi. Kitu kilicho umbali wa mita 1 hutoa pigo la takriban milisekunde 5.83 hewa ikiwa na nyuzi 20, ambayo ni midundo 583,000. Lakini sauti huongeza kasi kwa takriban mita 0.6 kwa sekunde kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo chumba kilichopanda kutoka nyuzi 25 hadi 33 kimeshakupa tofauti ya zaidi ya asilimia 1. Midundo haitakuokoa hapo. Kipimajoto cha bei ndogo kitakusaidia zaidi.

Kwa muda kati ya ishara mbili, mathalani kigari kinachokatiza miale miwili ya mwanga, tumia add_ci_two_edge_sep_chan. Kwenye ctr0 ukingo wa kwanza huingia PFI 10 na wa pili PFI 9. Sakiti za pande zote mbili ziwe za aina moja na nyaya ziwe na urefu unaolingana, kwa kuwa kuchelewa kwa optokapla hakuathiri kipindi, ambapo kingo zote hupita njia moja, lakini hapa tofauti ya kuchelewa inaingia moja kwa moja ndani ya jibu. Ili kuijua tofauti hiyo, peleka ishara moja kwenye sakiti zote mbili kwa pamoja na usome kaunta inasemaje, kisha toa kiasi hicho kwenye vipimo vyote vitakavyofuata.

Asiye na kifaa cha aina hii anaweza kujifunzia kwenye Arduino Uno. Kaunta ya Timer1 ya ATmega328P ina kiingilio cha kunasa, kinachohifadhi hesabu ukingo unapofika, kwenye pini 8, na kwa saa ya megahezi 16 kila mdundo ni nanosekunde 62.5. Ina biti 16 tu, hivyo hufurika kila baada ya milisekunde 4.096 na programu inapaswa kuhesabu mafuriko hayo. Udhaifu wake mkubwa uko kwenye saa: Uno hutumia risoneta ya kauri, ambayo usahihi wake uko mbali sana na ule wa fuwele.

Kuikagua saa yenyewe

Saa ya X Series ina usahihi wa sehemu 50 katika milioni. Kwa masafa ya gridi hiyo ni 0.0025 Hz, kosa kubwa mara 100 kuliko lile la mdundo mmoja tulilolikokotoa kwa 50 Hz, na wastani wa vipindi hata milioni hauliondoi, kwa sababu saa iliyokimbia hukimbia kwa vipindi vyote. Kosa hili hukaguliwa kwa moduli ya GPS yenye pini inayotoa pigo moja kila sekunde. Iache antena ione anga wazi hadi moduli ipate setilaiti, na kiache kifaa cha kupimia kiwe kimewashwa kwa dakika 15 au zaidi, ndani ya chumba kilekile na joto lilelile la vipimo vyako vya kweli, kwa kuwa fuwele hubadilika na joto.

Pima kipindi cha pigo hilo kwa midundo badala ya sekunde, ukiweka units=TimeUnits.TICKS, ukiitaja saa kwa ci_ctr_timebase_src = "/Dev1/100MHzTimebase", na ukiandika min_val na max_val kwa midundo vilevile, mathalani 99,000,000 na 101,000,000. Jibu linalotarajiwa ni 100,000,000. Ukisoma wastani wa 100,001,200 kwa dakika kadhaa, saa yako inakimbia kwa sehemu 12 katika milioni, na kila kipindi kilichopimwa kwa sekunde kinapaswa kugawanywa kwa 1.000012, au kila masafa yazidishwe kwa namba hiyohiyo. Kipimo cha gridi kilichosomeka 49.9800 Hz kinakuwa 49.9806 Hz. Andika kigezo hicho, tarehe na nyuzi za joto ndani ya kila faili ya data, na urudie ukaguzi kila kifaa kinapohamishiwa mahali penye hali tofauti ya hewa.